Nawavisha wanaopanda Kilimanjaro, mwenyewe nimeshindwa kusema "nakwenda"

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu, maana Moshi ni mji mdogo na sokoni kwetu habari haichelewi kufika.

Nina miaka 52, mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya mitumba soko la Kiboriloni. Magauni na mashuka nimewaachia wengine. Mimi ni makoti ya baridi, mabuti, glavu, soksi nzito na suruali za mvua. Wateja wangu wakubwa ni wagumu, wale vijana wanaobeba mizigo mlimani, pamoja na waongozaji wao. Msimu ukichanganya wanakuja asubuhi na mapema, sijafungua hata robota. Wapo niliowavisha kwenye safari yao ya kwanza, na sasa watoto wao ndio wanaokuja kuulizia buti. Nikimwangalia mtu miguu tu najua lipi litamkaa na lipi litamtoa malengelenge kabla hajafika kambi ya Horombo.

Horombo yenyewe, Shangazi, sijawahi kuiona.

Nimezaliwa Old Moshi. Kwetu ukitoka nje asubuhi wingu likiwa limefunguka, kilele cha Kibo hicho hapo, huna pa kukikwepa. Shuleni tulikariri maneno ya Mwalimu Nyerere ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, na sisi mlima tulikuwa tunauona dirishani. Baba yangu mdogo alikuwa mpishi wa mlimani. Akirudi uso umembabuka na midomo imepasuka, lakini masimulizi yake yalikuwa hayaishi: kwamba kule kwenye kambi ya Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, kwamba usiku wa manane unaona mstari wa tochi unapanda gizani, na hakuna anayeongea. Nilimwomba anipeleke. Akacheka, akasema nikue kwanza. Nikakua, nikaolewa, nikazaa, yeye akastaafu, na sasa ni marehemu.

Fedha ya mlima nimewahi kuiweka. Ya kwanza ikaezeka nyumba. Ya pili ikaenda kwenye ada ya mwanangu wa kati. Sijutii hata moja. Lakini sasa mtoto wa mwisho amemaliza chuo, nyumba imeisha, hatuna mgonjwa. Fedha ipo, haina kazi. Unajua nilichofanya? Nikaanza kuitafutia kazi. Nilikwenda kuulizia bei ya friji na friji ninalo. Nikamwambia mume wangu tujenge banda la kuku, akaniuliza, "Kuku wa nani?" Usiku ule nikalala macho, nikajua kumbe siku zote tatizo halikuwa fedha.

Binti wa shemeji yangu yuko kwenye kampuni ya utalii hapa mjini. Ameniambia kuna kundi la Watanzania linapanda kwa ajili ya sherehe za Uhuru, tarehe 9 Desemba, njia ya Marangu, siku tano. Nafasi yangu ameishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Kila akipiga simu namwambia nitakujibu kesho.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu, mtu mpole. Nilimgusia kwa utani tukiwa tunakula: "Siku moja utaamka hunioni, nitakuwa Kibo." Akasema, "Mlima upo tangu tuzaliwe, hauhami." Tukacheka, yakaishia hapo. Kwenye kikoba nako habari ikavuja, mmoja akasema mbele ya wote, "Mama mzima akapande mlima akatafute nini? Amekuwa Mzungu?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nina presha, natumia dawa kila siku, na kliniki wanasema iko sawa. Magoti yanalalamika nikishuka ngazi. Ila nikiwaza kwa ukweli, baridi siiogopi kivile, na kifo ni cha Mungu. Ninachokiona usiku ni mimi nimeshindwa njiani, nimeteremshwa, halafu Jumatatu nimefungua meza na wale wagumu wamekuja kununua soksi.

Kuna na jambo la suruali. Usinicheke. Tangu nizaliwe sijavaa suruali mbele za watu, na mimi ni mama wa kanisa.

Nipate wapi ujasiri, Shangazi?

Mama wa Mabuti, Kiboriloni

*

Marahaba, Mama wa Mabuti.

Barua yako nimeirudia nikitafuta huo ujasiri unaosema huna, maana mama aliyeezeka nyumba na kusomesha watoto watatu kwa mabuti ya mtumba sio mtu wa kuja kuuomba kwangu. Nilichokikuta ni kwamba unaomba ruhusa, na unaiomba kwa watu ambao hata hawajui kwamba wanaombwa.

Tuanze na mwalimu. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulimgusia kwa utani. Ulimpa utani, akakurudishia utani. Tangu siku hiyo unatembea na maneno yake, "mlima hauhami", kama hukumu iliyosomwa mahakamani. Huyu mzee hajakukatalia kitu, kwa sababu hujamwomba kitu. Na nadhani uliuleta kwa utani makusudi, ili akikataa uweze kusema ulikuwa unatania.

Kwa hiyo kaa naye. Asiwe anakula, redio iwe imezimwa, na utumie sauti ileile uliyotumia siku ulipomwambia paa linavuja. Mwambie tarehe, siku ngapi, kiasi gani, na nani atakaa sokoni. Sikufundishi kumpita mumeo. Nasema mpe swali la kweli ajibu jibu la kweli. Na ukishamweleza, mwombe jambo moja la kufanya: akukalie mezani siku hizo, au akusindikize mpaka geti la Marangu. Waume wastaafu nawafahamu, mmoja ninaye ndani. Ukiwaletea wazo wanalichambua mpaka linakufa. Ukiwapa kazi, kabla hujamaliza maelezo wanatafuta kofia.

Kuhusu fedha, sina la kukulaumu. Paa ni paa na ada ni ada, na mama yeyote ninayemheshimu angefanya hivyohivyo. Nakuomba tu usizihesabu zile mara mbili kama kushindwa. Wako wanaosema ndoto ya mtu itangulie kila kitu. Hao mara nyingi ni watu ambao paa lao liliezekwa na mwingine. Mara hii ya tatu ndiyo tofauti, na umeiona mwenyewe bila msaada wangu. Mtu hazunguki mjini kuulizia friji la pili kwa sababu maziwa yanaharibika. Fedha hiyo ulipoiweka uliipa jina. Iache na jina lake, na uitoe kwenye simu ikakae mahali ambapo kuku hawawezi kuifikia.

Sasa lile la Jumatatu na soksi. Hapa ndipo penyewe, na hapa nitakaa.

Unawaogopa wagumu. Katika watu wote walioko Moshi, umechagua kuwaogopa wale ambao hawana sababu ya kukucheka. Wao ndio wanaoona kila msimu kijana wa miaka 25, kifua kimejaa mazoezi, anaketi juu ya jiwe akitapika, huku mwalimu wa shule wa miaka 60 anampita taratibu na fimbo zake mbili. Wanajua kwamba urefu wa mlima hauangalii misuli wala ukoo. Kule juu kabisa, kwenye mita 5,895, kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu ya oksijeni anayoipata mtu akiwa pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, kila mwili kwa kasi yake, na kasi hiyo huwezi kuijua kwa kujitazama kwenye kioo. Kuzaliwa Old Moshi pia hakukupi kinga. Nyumbani kwenu ni juu ukilinganisha na Tanga, lakini ukilinganisha na Kibo bado ni bondeni.

Wanaoharakisha ndio wanaoumia zaidi. Kijana mwenye nguvu ana uwezo wa kukimbia mpaka mahali ambapo mwili wake haujawa tayari. Wewe na magoti yako hamna uwezo huo, na niamini, hiyo ni neema. Ile "polepole" wanayowaimbia wageni njia nzima ndiyo dawa ya kwanza ya mlimani. Mwaka 2019 mama mmoja Mmarekani, Anne Lorimor, alifika kileleni akiwa na miaka 89. Sikutajii ili ujilinganishe naye. Nakutajia ili 52 ikome kujiita uzee mbele yangu.

Kwa hiyo yule unayemwona usiku, mama aliyegeuka njiani, mwangalie vizuri. Kageuka kwa nini? Kama ni kichwa kimepasuka na tumbo limekataa chakula, mwongozaji akasema tushuke, basi amefanya jambo ambalo wagumu hao huwaomba wateja wao wafanye na wateja wakaidi hukataa. Wakija Jumatatu watakuuliza uliishia wapi, utawaambia, nao watakuambia ni nani mwingine aliishia hapohapo. Halafu wataomba wapunguziwe bei ya soksi kwa sababu sasa mmekuwa wa kazi moja.

Kilele na mlima ni vitu viwili. Nani alikuambia safari ina alama mbili tu, kufika na kushindwa? Baba yako mdogo alikusimulia maji yanayobebwa na tochi za usiku. Sikuona popote kwenye barua aliposimulia juu ya kusimama kileleni na kupiga picha. Ulichokitamani ukiwa mtoto ni kule anakokwenda, na kule kunaanzia getini. Ukilala kambi ya Mandara umelala alipolala yeye. Ukifika Horombo utajua buti zako zinakanyaga wapi. Anayefika Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, hupewa cheti hata kama hakuendelea mpaka kilele cha Uhuru.

Nimesema hayo, na sasa nitakupinga kwenye jambo moja ambalo hukuniuliza. Hizo siku tano sizipendi.

Hesabu na mimi. Geti la Marangu liko karibu mita 1,870. Siku ya kwanza unalala Mandara, 2,720. Ya pili Horombo, 3,720. Ya tatu umeshafika kambi ya Kibo, juu ya mita 4,700, unajilaza saa chache na ikikaribia saa sita usiku unaamshwa kupanda mita nyingine kama 1,200 gizani. Mwili wa mtu yeyote utalalamika, sembuse wa mama mwenye presha anayepanda kwa mara ya kwanza. Ratiba ya siku sita inaongeza siku moja Horombo: mnapanda kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi mpaka yale mawe yenye mistari wanayoyaita Zebra Rocks, mnarudi kulala palepale. Siku hiyo inaonekana kama ya kupoteza, na ndiyo inayowafikisha watu wengi. Muulize binti wa shemeji yako kama wewe na mwongozaji mmoja mnaweza kutangulia siku moja na kukutana na kundi Horombo. Kama haiwezekani, mimi nisingepanda na kundi hilo.

Najua ulivyofurahi kusoma sentensi hiyo. Tayari una sababu mpya ya kusema nitakujibu kesho! Basi nakuwekea sharti. Ukiiacha Desemba, unachagua tarehe ya Januari au Februari, wakati mlima umekauka na mvua za vuli zimekwisha, na unalipa malipo ya awali kabla mwisho wa mwezi huu haujafika. Tarehe isiyolipiwa sio tarehe. Tena Januari ina faida yake, kwa kuwa Desemba msitu wa chini bado unaweza kuwamwagia mvua mpaka Mandara. Hasara yake ni kwamba utakosa bendera na nyimbo za Uhuru. Chagua wewe, lakini chagua.

Kabla ya kulipa, daktari. Usiende kupima presha tu na kurudi, mwambie kwa maneno kamili, "Nataka kulala kwenye mita 4,700 na kupanda mpaka karibu 5,900." Mwonyeshe dawa unazotumia, kila kidonge. Waongozaji wengi watakutajia Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea urefu. Inakojoza, na baadhi ya dawa za presha nazo zinakojoza, kwa hiyo usiinunue dukani kwa ushauri wa mteja wako wa mabuti, hata awe amefika kileleni mara ngapi. Daktari akisema hapana, ni hapana, na nitakuambia cha kufanya hapo chini. Mlimani kwenyewe, kichwa kuuma kidogo, usingizi wa mang'amung'amu na chakula kukosa ladha ni mambo ya kawaida, mradi umweleze mwongozaji na usijikaze kiume. Ukianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa maneno, au kukosa pumzi umekaa tu, hapo hakuna mjadala wala kusubiri kukuche: ni kushuka, saa hiyohiyo.

Kuna jambo nimelifurahia kimyakimya tangu nianze kusoma barua yako. Vifaa vyote umevikalia. Watu wanatoka Ulaya wakiwa wametumia mshahara wa mwezi kwenye duka la michezo, wewe unalo robota zima mezani. Kesho usiuze kila kitu. Tafuta pea inayokuacha nafasi ya kidole mbele, kwa sababu kwenye kushuka vidole vinasukumwa na kucha zinakufa. Wewe unawaambia wateja hivyo kila siku. Vaa hilo buti sokoni, kutwa nzima, uuzie ndani yake. Na kagua soli. Buti la mtumba linaweza kuonekana jipya kabisa huku gundi yake imezeeka ndani, likaachia soli siku ya pili. Kama utashtuka watu wakikuona umelivaa, vizuri. Wakiuliza, waambie. Kwa njia hiyo habari itatoka kwako badala ya kutoka kikoba.

Halafu tembea. Barabara ya kutoka hapo Kiboriloni kupanda Old Moshi, kuelekea Kidia, unaijua kuliko mimi. Jumamosi usipande gari kwenda kuwasalimu ndugu. Panda kwa miguu, na muhimu zaidi, shuka kwa miguu. Ni kushuka kunakomaliza magoti. Fimbo mbili zitakusaidia zaidi ya dawa ya kuchua.

Na hapa ndipo lile nililokuahidi. Kabla ya safari kubwa, fanya ya siku moja: geti la Marangu mpaka Mandara na kurudi. Ni matembezi ya msituni, kwa mwendo wa mtu wa kawaida saa tatu mpaka nne kupanda, na ukiwa na nguvu unaongeza dakika chache mpaka kreta ya Maundi ambako msitu unakwisha na unaona mbali. Kwa raia ada ya kuingia hifadhini ni tofauti na ya wageni na inalipwa kwa shilingi. Binti wa shemeji atakupa bei ya sasa. Nenda na mwalimu kama magoti yake yanaruhusu. Siku hiyo utajua mambo ambayo hakuna barua inaweza kukuambia, kama vile buti linakubana wapi, unapenda kutembea kimya au kwa maneno, na kama hamu uliyoibeba tangu shuleni bado ipo ukishakuwa ndani yake. Inaweza isiwepo. Wapo watu waliobeba ndoto muda mrefu, wakaigusa wakakuta ilikuwa ya mtoto yule, wao wenyewe hawaihitaji tena. Ikiwa hivyo, utanunua hilo friji kwa moyo mweupe. Na kama daktari amekukatalia kulala juu sana, Mandara na Maundi bado ni zako, na unaweza kwenda tena na tena bila kumwomba mtu radhi kwamba hukufika juu.

Yule wa kikoba nimemwacha makusudi nyuma. "Amekuwa Mzungu?" Mzungu anayetajwa vitabuni kufika kileleni mwaka 1889, Hans Meyer, anatajwa pamoja na mwongozaji wake, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Usiku Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, aliyepeleka bendera na mwenge kule juu alikuwa Luteni Alexander Nyirenda. Na leo, watu waliokanyaga Kibo mara nyingi kuliko wote duniani hawakutoka Berlin wala New York. Wanatoka Marangu, Machame na Rombo, na soksi wananunua kwako. Hayo yote unaweza kumwambia mwenzako wa kikoba, lakini usimwambie. Atakuwa na jibu jingine, nawe utakuwa umeanza kupanda mlima ili kushinda ubishi. Isitoshe, ulipocheka pamoja nao, ulimsaidia. Safari ijayo usicheke, wala usinune. Sema, "Nakwenda Februari," halafu uulize zamu ya kupokea ni ya nani. Utashangaa. Nimeshaona mara nyingi kwenye barua zinazonifikia: anayekejeli kwa sauti kubwa ndiye anayekufuata pembeni jioni kuuliza inagharimu kiasi gani.

Siku ya safari yenyewe sina mengi. Kunywa maji hata kama hutaki. Kula hata kama mtori wao sio mtori wa kwenu. Mzigo wa mgumu mwisho wake ni kilo 20, unajua wewe kuliko mtalii yeyote, kwa hiyo usipakie nusu ya duka. Na bakshishi yao wape kwa mkono wako, kila mtu na chake, usiiache ikapita kwenye mikono mingi.

Tumalizie suruali, ambayo sikuicheka hata kidogo, kwa sababu kwa mwanamke wa rika letu hilo ni jambo zito kuliko baridi. Sketi ndefu ikilowa msituni haikauki, na usiku wa kwenda kileleni, baridi ikiwa chini kabisa ya sifuri, kitambaa chenye maji kitakugandia miguuni. Kwa hiyo suruali utavaa: ya joto ndani, ya kuzuia upepo na mvua nje. Toka nyumbani umejifunga kitenge juu yake, kifungue baada ya geti, kikunje mkobani. Jioni kambini kinakuwa shuka la begani. Ukishuka, jifunge tena kabla hujapanda gari. Mke wa mchungaji akiuliza, mwambie ukweli, na umuulize yeye anavaa namba ngapi.